Iloilo, kutoka plaza hadi plaza

Jumatano: Cabatuan hadi Mandurriao

Kutoka Manila, mji mkuu wa Ufilipino, ni saa moja na ushee tu angani, kisha unashuka katikati ya mashamba ya mpunga. Uwanja wa ndege wa Iloilo hauko Iloilo. Tangu 2007 uko Cabatuan, kilomita 19 hivi kutoka mjini, na njia nzima ni maji ya mpunga, nyati wa kufugwa waliozama kwenye tope hadi shingoni, na vibanda vya mianzi vinavyouza matikiti.

Mkitaka kujua kwa nini tumekuja Iloilo na si kwenye zile fukwe wanazokwenda watu wote, mlaumuni shemeji. Yeye kaila chumvi ya bahari ujana wake wote, na kila meli aliyopanda alikuta Wafilipino, na kati ya Wafilipino hao hakukosekana mtu wa Iloilo, ama jikoni ama kwenye chumba cha mitambo. Haishangazi, vyuo vya ubaharia vimejaa huku, na kile cha John B. Lacson kipo tangu 1948. Mwenyeji wetu ni mmoja wa hao, mpishi wa meli aliyestaafu. Shemeji anamwita "Nong" kwa kuwa kamzidi umri. Mimi naitwa "To", mdogo wa nyumba nzima, na mvi zangu zote kichwani.

Garini akatupa somo la kwanza: hapa hakuna anayesema anatoka Iloilo, labda akiwa ughaibuni. Mtu ni wa Jaro, au wa Molo, au wa La Paz, au wa Arevalo, au wa Mandurriao. Kila mtaa kati ya hiyo ulikuwa mji kamili wenye kanisa lake, soko lake na plaza yake, yaani uwanja wa wazi wa katikati ya mji. Serikali iliiunganisha kuwa jiji moja mwaka 1937, Jaro ikaja kuongezwa 1941. Kwenye karatasi jambo limekwisha. Kwenye vinywa vya watu, bado.

Mandurriao tulipofikia sina mengi ya kuisema. Uwanja wa ndege wa zamani ulikuwa hapa hapa, na palipokuwa njia ya kurukia ndege sasa pamesimama maghorofa ya vioo, hoteli, ukumbi wa mikutano na maduka ya kahawa. Ni pasafi, pana taa nyingi, na ungeweza kudhani uko mji wowote wa Asia. Jioni tukateremka hadi mtoni, na hapo mambo yakawa mengine. Tangu 2012 wamejenga njia ya miguu kandokando ya mto, na mikoko wameiacha ikue pale pale ilipo. Watu wanakimbia, akina mama wanacheza mazoezi kwa muziki wa juu, vijana wamekaa wawili wawili. Shemeji akachovya kidole, akaonja. Chumvi. Huo wanaouita mto ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, maji hupanda na kushuka. Alifurahi utadhani kakutana na ndugu.

Alhamisi: mjini kati

Asubuhi tulipanda jipni. Nyingi siku hizi ni mabasi madogo mapya yenye kiyoyozi, lakini za zamani bado zinapita, ndefu, bapa, zimepakwa rangi hadi kwenye vioo. Chukua daladala, ondoa konda, geuza viti vitazamane, ndiyo jipni. Ukikaa nyuma, nauli unampa jirani, jirani anampa jirani yake, sarafu inasafiri mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji inarudi kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa katikati, kwa hiyo nikageuzwa benki. Zilipita mikononi mwangu nauli za abiria nisiowajua, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kuhakikisha. Ukitaka kushuka unasema "lugar lang", kwa sauti ya kawaida kabisa. Watu wa hapa hawapigi kelele. Wafilipino wengine huwatania Wailonggo kwamba hata wakigombana utafikiri wanabembelezana, na baada ya kusikiliza dereva wawili wakinyang'anyana abiria naona utani huo una ukweli.

Tulishukia Calle Real. Kwenye vibao imeandikwa J.M. Basa, ila huyo Basa hatukumsikia kinywani mwa mtu. Ni mtaa wa majengo ya enzi ya Wamarekani, ya miaka ya 1920 na 1930, ghorofa za chini zimerudishwa ndani ili watu watembee kivulini. Mengine yamepakwa rangi upya na kuwekewa taa, mengine yana miti iliyoota kwenye nyufa za juu. Chini kote ni biashara: saa, vitambaa, vifaa vya simu, maandazi ya mvuke yenye nyama ndani. Hayo ya mwisho shemeji aliyapita akiwa ameshika pua, maana nyama yenyewe ni ya nguruwe. Suala hilo litarudi kila siku, mjiandae.

Mwisho wa mtaa ni gati, Muelle Loney, na jina hilo ndilo lenye kisa chote cha mji. Bandari ya Iloilo ilifunguliwa kwa biashara ya dunia mwaka 1855. Mwaka uliofuata akaja Nicholas Loney, makamu wa konseli wa Uingereza na pia mfanyabiashara. Wakati huo Iloilo ilikuwa nchi ya wafumaji. Kila kijiji kina vitanda vya mfumi, wanawake wanafuma nguo za pamba, za hariri, na zile nyepesi kama pumzi za nyuzi za majani ya mnanasi. Loney akaleta nguo za viwandani za Uingereza, rahisi, meli baada ya meli. Meli hizo hazikutakiwa kurudi tupu, kwa hiyo akawakopesha watu fedha na mashine wakalime miwa kisiwa cha pili, Negros. Kwa mkono mmoja akaua ufumaji, kwa mkono wa pili akazaa sukari. Familia kubwa za Jaro na Molo zilihamishia mitaji yao Negros, zikatajirika kupita kiasi, na fedha zikarudi huku kujenga majumba. Wafumaji hawakuulizwa. Gati lina jina lake hadi leo, na mimi nisingempa hata kichochoro.

Utajiri huo nao haukudumu hapa gatini. Viwanda vya Negros vilijenga magati yao wenyewe, wapagazi wa Iloilo wakagoma mwanzoni mwa miaka ya 1930, meli zikazoea kupita kando. Leo kwenye mdomo wa mto kuna boti za uvuvi na vyombo vya visiwani, na jengo la forodha la 1916 limesimama na mnara wake kana kwamba bado linasubiri meli za Liverpool.

Plaza Libertad iko jirani na ukumbi wa jiji. Hapa tarehe 25 Desemba 1898 Wahispania walikabidhi mji kwa jeshi la mapinduzi la Jenerali Martín Delgado. Manila ilikuwa imekwisha kuanguka, kwa hiyo Iloilo ndiyo iliyokuwa makao yao makuu katika visiwa hivi. Uhuru ulikaa hadi Februari tu. Wamarekani wakaja kwa manowari, mji ukaungua. Tulipofika plaza ilikuwa na wanafunzi wanaokula aiskrimu na wazee wanaocheza drafti. Mkabala ni kanisa la San José, anakoanzia Santo Niño, yaani sanamu ya Mtoto Yesu, wa sherehe za Dinagyang, zile ngoma za Jumapili ya nne ya Januari zinazofunga mji mzima.

Kabla ya kurudi tukaingia makumbusho ya taifa, yaliyo ndani ya jela ya zamani ya mkoa, ya 1911. Kiingilio bure. Kuna vyumba vya nguo zilizofumwa kwa mkono, hablon, na baada ya kisa cha Loney niliziangalia kwa jicho jingine.

Ijumaa: La Paz

La Paz ni soko, na soko ni supu. Batchoy ilizaliwa humu ndani, kwenye vibanda vya soko la La Paz, miaka ya kabla na baada ya vita, na wenye vibanda hadi leo wanabishana ni babu wa nani aliyeanza. Siingilii. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama mama mmoja akipanga bakuli kumi na ushee mbele yake. Kila bakuli linapata konzi ya tambi nene za mayai, zimechemshwa zikabaki na ukakamavu. Juu yake vipande vyembamba vya maini, utumbo na nyama, vya nguruwe. Kisha anachota supu kwenye sufuria linaloweza kumzamisha mtoto, supu iliyochemka na mifupa na uduvi uliosagwa na kuchachushwa; anamimina, anaimwaga tena sufuriani huku kakinga tambi kwa upawa, anamimina upya ili bakuli lipate moto. Mwisho uboho wa mfupa, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikapondwapondwa, kitunguu saumu cha kahawia, majani ya kitunguu. Akivunjia yai bichi, linaivia humo humo. Unakula na mkate mdogo wa chumvi au kitumbua cheupe cha mchele kilichopikwa kwa mvuke, na supu ikiisha unaongezewa bure. Nilikula mabakuli mawili. Wenyewe husema "namit gid", yaani tamu kweli, na mama alicheka nilipojaribu kulitamka kwa lafudhi ya Tanga.

Shemeji alikunywa kahawa. Kahawa yenyewe ni hadithi: kwenye vibanda vya zamani wanaichuja kwa mfuko wa kitambaa mrefu, nyeusi tii, na meza zimejaa wazee wa mtaa wanaoendesha siasa za dunia nzima kuanzia alfajiri. Barazani kwetu wangepata kiti bila kuulizwa jina. Saa sita mwenyeji alimpeleka kwa wafanyabiashara Wamaranao, Waislamu wa kutoka Mindanao wanaouza nguo mjini, akasali nao na akalishwa wali na samaki. Alirudi amenona kwa furaha na ameshanunua kofia.

Usiku tulialikwa nyumbani. Mke wa mwenyeji alikuwa ameambiwa mapema habari za nguruwe, kwa hiyo akapika kadyos kwa kuku na fenesi bichi badala ya ilivyo desturi. Kadyos ni mbaazi, hizi hizi zetu, ila zao zina ngozi nyeusi na mchuzi wake unatoka wa zambarau iliyoiva. Wanautia ukali kwa tunda dogo la kijani liitwalo batwan.

"Mbaazi bila nazi, shemeji?" shemeji akamuuliza mama, kwa kile Kiingereza chao cha melini.

"Nazi kwenye kadyos, Nong? Nani kakufundisha?" mama akashangaa.

Sasa ni mashemeji wawili na kila mmoja anamhurumia mwenzake. Ubishi ulikwenda hadi saa nne. Mwaka 2023 UNESCO iliiweka Iloilo kwenye orodha ya miji bunifu kwa mapishi yake, wa kwanza Ufilipino nzima, kwa hiyo mama alikuwa na hoja rasmi. Shemeji alikuwa na njaa yake tu, akamaliza sahani ya tatu.

Jumamosi: Jaro

Jaro inajiona, na ina sababu. Ndiko walikojenga matajiri wa sukari. Njiani ukitembea unapishana na jumba moja baada ya jingine nyuma ya mageti: jumba la ukoo wa Lopez la 1928, jeupe, na bustani yenye miti iliyopangwa kama gwaride, jumba la Lizares la 1937, ambalo sasa ni shule. Mengine madogo yamefungwa madirisha, rangi imebanduka, mlinzi kalala kwenye kiti. Sukari ilipoanguka bei miaka ya 1980, Negros walikufa njaa wakata miwa. Huku yalianguka mapaa.

Kanisa kuu liko upande mmoja wa barabara na mnara wake wa kengele uko upande wa pili, ndani ya plaza, peke yake. Tetemeko la tarehe 25 Januari 1948, ambalo watu wa hapa wamelipa jina kabisa, Lady Caycay, liliuvunja vibaya mnara huo, na kwa kuutazama unaona matofali ya zamani na ya baadaye hayafanani. Kanisa lilijengwa na askofu wa kwanza wa Jaro, Mariano Cuartero, miaka ya 1870. Bikira Maria wa Mishumaa hakai ndani; kasimama nje, juu ya mlango, kwenye roshani inayopandwa kwa ngazi mbili. Ni sanamu ya mawe, na waumini wanakuambia bila kupepesa macho kwamba inakua. Papa Yohane Paulo II alikuja mwenyewe kuivika taji mwaka 1981. Tarehe 2 Februari kila mwaka Jaro yote huwa mishumaa, maandamano na mapigano ya majogoo.

Kitu kimoja kanisani kilinikaa: nguzo zote zina watakatifu, na wote ni wanaume. Mwenyeji akasema subiri kesho.

Plazani kuna sanamu ya Graciano López Jaena, mwana wa Jaro aliyezaliwa 1856, aliyekimbilia Hispania akaanzisha gazeti la La Solidaridad Barcelona mwaka 1889 kudai haki za Wafilipino. Na nusu saa kwa miguu kutoka kwenye kanisa hili la kiaskofu ni chuo kikuu cha Wabaptisti, Central Philippine, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kimarekani 1905. Inaonekana Jaro walizoea kuishi na mabishano. Tulinunua biskoti za mkate uliokaushwa kwa siagi na sukari. Pakiti ya kupeleka nyumbani haikuvuka usiku.

Jumapili: Molo na Arevalo

Molo ulikuwa mtaa wa Wachina waliochanganyika damu na wenyeji, wafanyabiashara na baadaye wanasiasa, na wana namna ya kuwatazama watu wa Jaro kwa pembeni. Kanisa lao la Mtakatifu Anna lina minara miwili iliyochongoka, na ndani nguzo zimebeba watakatifu kumi na sita, wanawake watupu. Misa ilipokwisha nikazunguka nikiwasoma majina: Lusia, Sesilia, Klara, Marta, Magdalena. Kwenye nguzo mojawapo yuko Monika, mama yake Agostino, mwanamke wa Afrika Kaskazini, kafika mbali kuliko mimi. José Rizal, mwandishi na shujaa wa taifa la Ufilipino, alipita humu kuona kanisa mwaka 1896, miezi michache kabla Wahispania hawajamuua. Ng'ambo ya plaza ni jumba la Yusay-Consing la 1926, ambalo chini limegeuzwa duka la vitu vya kienyeji. Supu ya Molo ni vifurushi vya unga vyenye nyama katika mchuzi wa kuku. Shemeji akauliza nyama gani, akajibiwa, akaagiza wali.

Arevalo mchana. Huu ndio mkongwe wa wote: Gonzalo Ronquillo de Peñalosa, gavana Mhispania, aliuanzisha 1581 na kuupa jina la kwao. Siku hizi ni mtaa wa wauza maua, mashada ya maziko na ya harusi yamepangwa plazani bega kwa bega. Nyumba ya ukoo wa Camiña, ya 1865, inapokea wageni. Chini ni mawe, juu ni mbao, na madirisha si ya vioo: ni miraba midogo ya magamba ya chaza bapa, mamia kwa mamia, inayosukumwa pembeni kwenye reli ya mbao. Yakifungwa mchana, chumba kinajaa mwanga wa maziwa. Nilisukuma moja, lilikuwa jepesi, na lilitoa mlio wa sahani ndogo zikigusana. Wanakukaribisha kwa kikombe cha chokoleti nzito iliyokorogwa kwa mti, chungu kidogo, na biskuti mkononi.

Jioni tukaenda ufukweni Villa, mchanga wa kijivu, mkabala na Guimaras. Kuku wa kienyeji aliyejazwa mchaichai tumboni akachomwa taratibu, na chaza wa kuchemsha wanaouzwa kwa sinia kwa bei ya kuchekesha. Hapa shemeji alilipa kisasi cha wiki nzima. Maganda yalipanda mbele yake hadi mhudumu akaja na ndoo.

Jumatatu: ng'ambo ya mlango-bahari

Guimaras ni dakika kumi na tano hivi kwa boti. Boti zenyewe ni za mbao zenye matengo kila upande, na shemeji hakuziita kitu kingine ila ngalawa. Hakukosea sana, wataalamu wengi wanaihusisha ngalawa yetu na mabaharia wa visiwa hivi vya Asia, jamaa za wale waliofika Madagaska. Lakini kabla ya kupanda aliangalia maboya, akavuta kamba za jaketi lake, akatazama mawingu. Tarehe 3 Agosti 2019 upepo wa ghafla ulipindua boti tatu katika mlango-bahari huu na watu 31 wakafa. Tangu hapo sheria za vyombo vya mbao zimekazwa. Kisiwani ni maembe. Ni marufuku kuingiza embe lolote kutoka nje, wasije wakaletewa wadudu. Msimu ulikuwa bado, tukala yaliyokaushwa, tukarudi na boti ya mchana.

Jumanne: kuelekea Negros

Boti ya mwendo kasi ya Bacolod ilichelewa, kwa hiyo tulipata muda wa kuagana vizuri. Mwenyeji alileta biskoti nyingine na mzigo wa kadyos kavu kwa shemeji, akamwonya asizitie nazi. Shemeji akaapa, uongo mtupu.

Wao Bacolod wanajisifu kwa kuku wa kuchoma waitwao inasal, na mwenyeji alitutajia wapi tule, kisha akasema tukirudi tusiwasifie kuku hao mbele yake. Njia hii ya maji ndiyo waliyopita watu wa Jaro na Molo kwenda kufungua mashamba ya miwa. Kesho tunatafuta basi la Silay, tukaone majumba waliyojenga upande wa pili, na kama kuna anayejua habari za waliokata hiyo miwa.